Wavu upi ununue kwa uzio wa kuku kwenye mteremko

Ukizungushia kuku uzio kwenye mteremko, adui wengi huingilia chini. Ardhi inashuka, wavu umenyooka, na pale vinapoachana nguchiro hupita bila hata kuchimba. Ndiyo maana nimezipanga nyavu hizi kwa namna zinavyoshikana na ardhi na zinavyostahimili meno na kucha. Bei nimeiweka nyuma.

1. Wavu wa kuchomelea, matundu ya mm 12 hadi 13

Huu ndio wa kwanza, na kwangu hauna mpinzani. Panya mkubwa hapiti, kicheche hapiti, wala hakuna mnyama atakayeingiza mguu amvute kuku aliyelala karibu na uzio. Chukua wenye waya wa unene wa karibu mm 1.

Kabla ya kulipa, fungua mkunjo wa kwanza wa roli uangalie pale nyaya zinapokutana. Kama zinki imefunika kiungo chote na kutuna kidogo, wavu huo ulichovywa baada ya kuchomelewa, ni mzuri. Kama kiungo kina alama ya kahawia ya kuungua, zinki ilitangulia na moto wa kuchomelea ukaila. Kutu itaanzia hapohapo, tena itaanza na sehemu itakayogusa ardhi. Mwachie muuzaji.

Taabu yake ni ugumu: haukubali kulala kufuata mteremko, kwa hiyo utaushusha kipande kwa kipande, kama vidato vya ngazi. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Ardhi ikishuka mita 3 kwa kila mita 10, kipande cha wavu chenye upana wa mita 2 huacha chini yake pembetatu yenye pengo la sm 60 upande wa bondeni. Mbwa mzima anapita hapo. Nunua wavu wa ziada wa kuziba kila pembetatu, upandishe vipande sm 10 juu ya wavu mkubwa, na ushone kwa waya wa kufungia. Urefu wa uzio nao upime kwa kulaza futi kamba juu ya ardhi yenyewe, usikadirie kwa macho.

2. Chenlinki, na wavu mdogo chini

Kama eneo ni kubwa na mteremko ni mkali, ningechukua hii. Nyaya za chenlinki zimesukwa, kwa hiyo unaweza kuivuta ikalala sambamba na ardhi huku nguzo zikibaki wima. Mbwa hairarui. Lakini matundu ya mm 50 ni mlango kwa nguchiro, basi funga wavu wa namba moja kwenye sm 90 za chini.

3. Wavu wa kuchomelea, matundu ya mm 25

Una nguvu, ila panya na nyoka wadogo hupenya, na vifaranga hutoka. Unafaa zaidi kulazwa ardhini nje ya uzio.

4. Wavu wa matundu ya pembe sita

Unauzwa kama wavu wa kuku, na kweli unamzuia kuku asitoke. Mbwa mwenye nia huurarua kwa meno. Uweke juu tu, kumzuia mwewe.

5. Neti ya plastiki

Jua huidhoofisha, panya huikata. Usiitegemee.

Wavu wowote utakaochagua, nunua na wa kulaza nje ya uzio, upana wa sm 45 hadi 60, ufungwe kwenye wavu uliosimama na kubanwa kwa mawe au vigingi. Mnyama huchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha, kwa kawaida harudi nyuma kuanza kuchimba mbali na uzio. Upande wa bondeni ongeza upana, maana maji ya mvua hubeba udongo na kuuacha wavu ukining'inia. Upande wa juu chimba mfereji wa kuyageuza maji kabla hayajafika kwenye uzio.

Upande huo wa juu una hatari nyingine: mnyama aliyesimama mlimani anaanza kuruka akiwa juu tayari. Ukisawazisha kilele cha uzio, mita 1.8 za bondeni zinaweza kubaki mita 1 kule. Ongeza urefu huko, au funika eneo lote.

Wavu ushike kwa skrubu na washa pana (vile vibati vya duara vyenye tundu), kwani stepo nyembamba, yaani pini za umbo la U, hung'oka mbwa akisukuma. Mlango uweke upande wenye ardhi tambarare zaidi, na baada ya kila mvua kubwa zunguka kando ya bondeni ukitazama mapengo mapya.