Plagini ya storeji kwenye vCenter: ya ndani au ya mbali?

Plagini hii ni kiongezo cha kusimamia storeji (hifadhi ya data) ukiwa ndani ya vCenter, programu ya kusimamia vSphere, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe. Ya ndani hupakuliwa ikakaa humo humo kwenye vCenter, ikiendeshwa na vsphere-ui, huduma inayoonyesha kurasa za vCenter. Ukiisasisha, mara nyingi utaandika `service-control --stop vsphere-ui`, kisha uiwashe tena. Kwa dakika kadhaa wenzako wote wamefungiwa nje ya kurasa hizo. Mimi huifanya usiku. Mashine pepe zenyewe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) haziguswi, ila kamweleze bosi hivyo!

Ya mbali, iliyokuja na vSphere 6.7, ina seva yake: unasasisha seva hiyo, unasajili toleo jipya kwenye vCenter, basi. Kero yake ni cheti cha kidijitali, kinachothibitisha kuwa seva ni yenyewe. Seva ikibadilishiwa cheti bila usajili kurekebishwa, plagini haifunguki.

Aliyeko vSphere 8 hana la kuchagua: ya ndani imeondolewa.