TAHADHARI: Ukiambiwa gari "halina taa hata moja" ya hitilafu kwenye dashibodi, uliza kumbukumbu za hitilafu zilifutwa lini

Ndugu zangu mnaotafuta gari lililotumika, someni hii kabla hamjatoa hela.

Nimenunua gari la miaka 17. Dashibodi ilikuwa safi kabisa: ukifungua swichi taa ya injini inawaka, ukipiga stata inazimika, kama inavyotakiwa. Siku ya nne, nikiwa barabarani, ikawaka na haikuzima tena. Fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ikatoka kodi, yaani namba ya hitilafu, P0420: masega, kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, hayasafishi moshi ipasavyo. Nikampigia muuzaji. "Kaka, gari ulilijaribu mwenyewe ukaridhika." Tangu hapo simu yangu hapokei.

Alichokifanya ni kufuta kodi hizo za hitilafu kwa mashine kabla sijafika. Kazi ya dakika moja. Kodi ikifutwa, kompyuta ya gari inapoteza kumbukumbu na kuanza kujipima upya, na kipimo cha masega ni kati ya vile vinavyochelewa kwa sababu kinataka injini iwe ya moto na gari liende mwendo wa kutulia kwa muda. Kuzunguka mtaa mara mbili na muuzaji hakutoshi. Ndiyo maana mimi nilipata siku nne za furaha.

Lakini alama inabaki, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Mashine ya kusomea kodi ina sehemu inayoonyesha vipimo ambavyo kompyuta imeshamaliza na ambavyo bado. Ukikuta hakuna kodi yoyote lakini kipimo cha masega na vya sensa za oksijeni (zile zinazopima oksijeni kwenye moshi, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake) havijakamilika, kodi zimefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Atakwambia alibadilisha betri jana. Inawezekana ni kweli. Basi mwambie alitembeze kwa siku kadhaa, mpime tena, na hela ibaki mfukoni mwako.

Tulipolipandisha gari juu tukakuta na jingine. Sensa ya nyuma ya masega ilikuwa imewekewa kipande cha chuma kama nati ndefu, ili ikae mbali na moshi. Sensa ya mbele kwa kawaida hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, na ya nyuma inatakiwa itulie. Ikianza kupanda na kushuka kama mwenzake, masega yamechoka. Kile kipande kiliwekwa ili kuidanganya kompyuta. Kwa hiyo chungulieni chini, na mtazame pia kama bomba la masega lina mshono wa kuchomelea usio wa kiwandani. Wapo wanaolipasua, wanatoa masega yote na kulifunga tupu.

Na kuna mafundi pia. Wa kwanza alitaka abadilishe masega siku ileile, na yale ya zamani "atanitupia". Msikubali! Ndani yake kuna platini, paladi na rodi, madini ya thamani kubwa. Kama ni kubadilisha, ondoka na yako ya zamani.

Isitoshe, P0420 peke yake haithibitishi kuwa masega yamekufa. Ekzosi ikivuja karibu na sensa, au sensa yenyewe ikiharibika, kodi hiyohiyo inaweza kutoka. Fundi wa pili alipima kwanza, akakuta silinda moja inamisi, yaani haiunguzi petroli yake, kwa sababu ya koili, kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi. Petroli isiyoungua ilikuwa inaenda kuunguzwa ndani ya masega hadi yakaanza kuyeyuka. Ningefunga mapya bila kubadilisha koili, nayo yangekufa vilevile. Taa ya injini ikianza kumwekamweka, usiendelee kulikanyaga gari. Hiyo ndiyo hali inayoua masega haraka.

Juzi nimeona tangazo jipya la muuzaji yuleyule. Gari ni jingine, maneno ni yaleyale: halina taa hata moja. Mkifika kwa mtu wa namna hiyo, ombeni kuchomeka mashine kabla ya kuongea bei. Akikataa, ondokeni.