Lipia maabara, vipindi vya darasani acha: uzoefu wangu na kijana anayesomea nyumbani Arusha

Huduma yenyewe ni hii. Sekondari ya kutwa, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, inampokea kijana anayesomea nyumbani kwa vipindi vichache vya sayansi kila wiki. Analipiwa kwa muhula, anaingia na kutoka getini kwa barua ya mkuu wa shule, na jina lake halimo kwenye daftari la mahudhurio. Naipa nyota nne kwa maabara na mbili kwa vipindi vya darasani. Hizo mbili zenyewe nimezitoa kwa huruma.

Darasani hakuna kilichoharibika, ila mwendo haulingani. Kipindi ni dakika 40, na zikitoka za kufuta ubao na kugawa madaftari zinabaki kama 30. Kijana wa nyumbani anasoma mada kwa mpangilio wake. Anaweza kuwa ameshamaliza hesabu za moli huku Kidato cha Tatu cha shule hiyo bado wako kwenye ugumu wa maji, au kinyume chake. Mwalimu hawezi kusimamisha darasa kwa ajili ya mgeni anayekuja Jumanne na Alhamisi tu. Nadharia unaipata kwa kitabu na twisheni ya jirani. Bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki wa kutoneshea asidi kwenye besi hadi rangi ibadilike, huipati kwa jirani.

Kemia ya Kidato cha Nne, namba 032, ina karatasi ya nadharia na karatasi ya praktiko, yaani ya vitendo. Praktiko haisomwi, inashikwa. Nimeona vijana wanaokokotoa molariti (M, moli ngapi kwenye lita moja) kichwani, lakini wakipewa bureti wanaacha faneli juu yake wakati wa kusoma kipimo. Tone moja linalodondoka kutoka kwenye faneli linatosha kuharibu namba. Makosa mengine ambayo nyumbani hayasahihishiki ni haya: kiputo cha hewa kubaki chini ya koki, kikitoka katikati ya zoezi kinahesabiwa kuwa ni asidi; kusuuza flaski ya koni kwa besi badala ya maji, hivyo besi inazidi ile iliyopimwa na pipeti; kupuliza tone la mwisho la pipeti, na lile tone limekusudiwa kubaki. Jingine ni kuandika 23.4 badala ya 23.40. Bureti imegawanywa kwa 0.1 cm³, jicho linakadiria nusu ya mgawanyo, kwa hiyo msahihishaji anataka desimali mbili, na ya pili iwe 0 au 5.

Nilichokipenda kwa mwalimu wa pale ni kwamba haruhusu wastani kabla ya namba kukubaliana. Kwanza zoezi la majaribio la haraka, kisha matatu ya taratibu, na yanayopishana zaidi ya 0.2 cm³ hayaingii kwenye wastani. Kijana akipata 24.10, 24.15 na 24.90, anarudia. Shule nyingi muda haupo, wanafunzi wanajumlisha zote na kugawa kwa tatu. Hiyo ni tabia inayohamia hadi chumba cha mtihani.

Sasa bei. Utaambiwa ada ni kubwa kwa sababu kemikali ni ghali. Piga hesabu mwenyewe. Lita moja ya NaOH ya 0.1 M inahitaji gramu 4. Mwanafunzi mmoja kwa zoezi zima, pamoja na kusuuza vyombo, anatumia kama 150 cm³, yaani gramu 0.6. Kopo la gramu 500 linatosha mazoezi zaidi ya 800. Asidi ya hidrokloriki nayo, ile kali ya dukani, inatakiwa kama 8.6 cm³ tu kwa lita. Kitu kinachogharimu kweli ni nitrati ya fedha ya kupimia kloridi kwenye uchambuzi wa chumvi, vioo vinavyovunjika, gesi, na muda wa mtunza maabara anayekuja mapema kuandaa. Kwa hiyo usikubali kulipia kemikali kama kifungu peke yake. Lipia zoezi, na upunguze bei kwa hoja hiyo.

Na ni kwa zoezi, siyo kwa muhula. Hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Muhula kwenye karatasi ni mrefu, lakini maabara haiko wazi muhula mzima. Shule ikiwa na Kidato cha Sita, mwezi Mei maabara ni yao, na Aprili inaandaliwa. Katikati ya mwaka kuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na walimu wa michezo ndio haohao wa fizikia. Kidato cha Nne wakiingia moko, yaani mtihani wa majaribio, kila meza inakaliwa. Oktoba mlango unafungwa kujiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba. Anayelipa kwa muhula analipia kufuli. Siku nzuri kuliko zote ni Jumamosi saa 3 hadi saa 6, Februari hadi Machi na Julai hadi Agosti.

Kabla hujatoa hata shilingi, ingia maabara ukahesabu stendi na bureti zinazofanya kazi. Usiulize “mna maabara?”, maana jibu ni ndiyo siku zote. Funga koki ya bureti moja yenye maji ndani, isubiri dakika mbili. Ikivuja, jua nyingi zinavuja. Kama bureti ni 15 na wanafunzi ni 45, wanafanya watatu watatu: mmoja anaachilia asidi, mmoja anatikisa flaski, wa tatu anaandika. Mgeni ndiye atakayekuwa wa tatu, kila wiki. Sharti langu la kwanza kwenye barua ya makubaliano lilikuwa bureti moja kwa kijana mmoja, na lilikubaliwa kwa sababu tuliomba Jumamosi, siku ambayo hakuna msongamano.

Jambo la maji linahitaji aya yake, maana kwa upande huu wa Meru watu wengi hawalijui. Maji ya visima na chemchemi za miteremko ya mlima yana floridi nyingi, hilo kila mtu analijua kwa kuona meno ya kahawia. Yana pia bikaboneti. Ukitengeneza asidi ya 0.1 M kwa maji hayo, sehemu ya asidi inamezwa kabla zoezi halijaanza. Ukisuuza kuta za flaski kwa maji ya bomba katikati ya kutonesha, unaongeza besi usiyoipima. Kwa kiashiria cha rangi cha methyl orange, yaani MO, kosa linaonekana waziwazi kwa sababu rangi inasubiri bikaboneti yote iishe. Kwa fenolfthalini, ile wanafunzi wanaita POP, rangi inapotea mapema na kosa linajificha. Kama majibu ya darasa zima yamekaa juu ya jibu la mwalimu kwa namba ileile, shuku maji kabla ya kushuku watoto. Dawa ni maji yaliyokenekwa (distilled water). Shule ikisema yameisha, beba lita 5 za maji ya betri kutoka kituo cha mafuta. Soma lebo vizuri, maana karibu yake kwenye rafu kuna tindikali ya betri, na madumu yanafanana.

Vingine usivilipie. Pendulamu ni uzi, kokoto na saa ya simu: mizunguko 20, urefu wa mita 1 unatoa karibu sekunde 2 kwa mzunguko, na grafu ya T² (T ni muda wa mzunguko mmoja) dhidi ya urefu unaichora jikoni. Springi na vizito, vivyo hivyo. Pini na kipande cha kioo kinene vinatosha kwa zoezi la kupinda kwa mwanga. Baiolojia ya kuainisha mende, uyoga na kangaga ni ya bustanini. Ya kufanyia shuleni ni daraja la mita la umeme (metre bridge, la kupimia ukinzani wa waya), vipimo vya vyakula vinavyohitaji Benedict, dawa ya kupimia sukari, na moto, uchambuzi wa chumvi, na utoneshaji. Kwa mpango huo, mazoezi 12 hadi 15 ya kulipia kwa mwaka yanatosha kijana aliyejiandaa. Anayekwenda bila kusoma maelekezo usiku uliotangulia hata 30 hayatamtosha.

Familia zinazofuata IGCSE ya Cambridge hesabu yao ni nyingine. Kemia 0620, baiolojia 0610 na fizikia 0625 zina karatasi ya 6, mbadala wa praktiko, saa 1 na alama 40, na mtahiniwa wa nje mara nyingi huifanya hiyo. Hahitaji maabara kwa sheria ya mtihani. Bado ningemlipia mazoezi matano au sita, kwa sababu maswali ya karatasi hiyo yanauliza kosa lilikuwa wapi, na asiyewahi kukosea kwa mkono wake hulitafuta gizani.

Mambo ya nidhamu yaandikwe mapema, la sivyo yataharibu kila kitu. Binti mwenye nywele za kusuka atasimamishwa na mwalimu wa zamu kabla hajafika maabara. Kwenye barua iandikwe kwamba atafunga nywele nyuma, atavaa koti jeupe na viatu vya kufunika vidole, na kwamba sare haimhusu. Paredi haimhusu. Mchango wa makande ya mchana haumhusu akiondoka saa 6, lakini wataudai, kwa hiyo nao uandikwe. Kioo akivunja nani analipa, na bei gani. Mpe mkuu wa shule nakala moja, mtunza maabara nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu yeye ndiye mwenye ufunguo.

La mwisho ni usajili, na hapa wengi wanapoteza mwaka. Kusoma kwa muda shuleni hakumfanyi kijana kuwa mtahiniwa wa shule hiyo. Atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kama hakupitia mtihani wa Kidato cha Pili, kwanza anafanya Mtihani wa Maarifa, ule wa QT. QT hufanyika Novemba, wakati uleule wa Kidato cha Nne, hivyo Kidato cha Nne chenyewe kinasubiri Novemba ya mwaka unaofuata. Dirisha la kujisajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na kuchelewa kunaongeza ada. Januari nenda kwenye kituo unachokitaka uulize kwa maneno haya: mnapokea watahiniwa wa kujitegemea wa 031, 032 na 033 (fizikia, kemia na baiolojia), na praktiko wataifanyia hapa hapa? Wakisita, tafuta kituo kingine siku hiyohiyo. Shule anakofanyia mazoezi ikiwa ndiyo kituo chenyewe, atakuta bureti anazozijua, na ile yenye koki inayovuja ameshajua iko meza ya ngapi.