Kidude cha Kupima Gari: Kinasema Hakuna Hitilafu, na Gari Linazima

Haya, karibuni tena. Leo nina hiki kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi, kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu. Nimekichomeka kwenye gari la zamani la manual, la petroli, lenye ugonjwa mmoja: linazima ovyo. Ukikanyaga klachi kukaribia makutano, linazima. Likishapata moto linaweza kukuzimikia hata uko kwenye gia. Mambo ya plagi ya pini 16 na toleo la Bluetooth yameandikwa kwenye boksi, siyarudii.

Nianze na kilichoniudhi. Tazameni simu. Nabonyeza kusoma hitilafu... inazunguka... bado inazunguka... "Hakuna hitilafu." Jamani! Gari limezima sasa hivi mbele ya kamera! Ndiyo maana wengi hukitupa kidude kabatini, wanaanza kubadilisha plagi za cheche, kesho koili, keshokutwa pampu, mpaka mfuko unatoboka.

Ila tusikionee. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua lini iandike hitilafu, na nyingi haiziwashii taa mpaka zijirudie safari mbili. Throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ikijaa masizi, silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inakosa hewa, gari linazima kila makutano na kompyuta imekaa kimya tu.

Achaneni na hiyo sehemu. Njooni huku kwenye grafu, hapa ndipo nilipokipenda. Natoa tiki zote, nabakiza mizunguko ya injini kwa dakika peke yake. Kidude ni kizito. Ukikiagiza vitu kumi kwa mpigo, kila kimoja kinachelewa, na gari likizima mambo yanaisha ndani ya sekunde. Simu anashika mwenzangu, mimi naendesha, barabara ni tupu. Usijaribu hivi peke yako.

Gia ya tatu. Injini imeshachemka. Mstari uko 2,000 na ushei... hapo! Limekata! Klachi sijaigusa, oneni mguu ulipo. Gari bado linatembea, kwa hiyo matairi ndiyo yanaizungusha injini. Sasa mwenzangu, rudisha grafu nyuma kidogo. Simamisha. Mmeuona mstari? Umedondoka kutoka 2,000 mpaka sifuri kama jiwe kisimani.

Injini inazunguka, kompyuta inaona sifuri! Maana yake habari za sensa ya kranki, ile inayohesabu mizunguko ya injini, hazifiki. Ama sensa imechoka na inakufa ikipata joto, ama waya, ama plagi yake imelegea. Yangekuwa mafuta yamekata, mstari ungeshuka polepole pamoja na mwendo wa gari, kwa sababu sensa ingali inahesabu. Na kama kompyuta ingeacha kujibu kabisa huku taa ya kidude inawaka, ningeanza na swichi ya ufunguo na relei kuu, maana hizo ndizo zinaipa kompyuta umeme. Wenye automatiki hiki kipimo hamkipati kirahisi hivi, poleni.

Tumesimama, gari limegoma. Piga stata... grafu inasema sifuri. Injini nzima ikipigwa stata ingeonyesha kama 150 hadi 250 hivi. Kwa hiyo ushahidi ni ule ule.

Kuzima kwenye makutano ni kesi nyingine, maana linafanya hivyo hata likiwa baridi. Hapa nafungua marekebisho ya mafuta, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Kwenye silensa yanasoma asilimia 22 juu. Kompyuta inaongeza petroli kwa nguvu zote. Nakanyaga mpaka 2,500... yameshuka, 3. Hiyo ni hewa ya wizi, inayoingia kwenye injini kupitia tundu mahali fulani. Tundu ni lile lile, ila kwenye silensa hewa ya halali ni kidogo, kwa hiyo ya wizi inaonekana. Ingekuwa kinyume, sawa kwenye silensa halafu yanapanda ukipanda mlima, ningeshuku pampu au filta. Sogeza kamera nyuma ya manifodi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Mpira wa hewa huu hapa, ukiutazama tu ni mzima. Ukiupinda... ona, umepasuka upande wa chini wote.

Kuna mtu ataniambia mashine kubwa ya fundi ni bora. Ni bora, inasoma mpaka breki na mifuko ya hewa, lakini bei yake unanunua vidude hivi ukagawia ukoo. Mpinzani ninayemheshimu ni geji ya vakyum, inayopima mvuto wa hewa kwenye manifodi: haina simu, haina programu, injini nzima ikiwa silensa inatulia inchi 17 hadi 22 za zebaki. Hiyo nitaifanyia video yake.

Kinachobaki kunikera ni programu yake. Kila ukifungua inakuomba ulipie toleo la juu, na Bluetooth ikikatika inabidi uchomoe kidude ukichomeke upya. Lakini kwa ile grafu peke yake, sikirudishi.

Wenye kabureta, msinunue, hakuna cha kusoma humo. Marekani magari mapya yalilazimishwa kuwa na plagi hii kuanzia modeli za 1996, na Ulaya yale ya petroli 2001. Lako likiwa la kabla ya hapo, inama kwanza uitazame plagi ndipo ulipe.

Sasa niivue hii sensa tuione... aa, inaunguza. Zima kamera, ipoe kwanza.