Ada ya TATO kwa mwenye magari matatu: uzoefu wangu

Wiki iliyopita binamu yangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kampuni ya safari hapa Arusha, alinifuata ofisini. "Dada, hiyo ada ya TATO nailipa ya nini wakati hata tairi sijamaliza kulipia?" Tulikaa karibu saa nzima. Najua wapo wengi wenye swali hilohilo, kwa hiyo naandika niliyomwambia.

TATO ni Chama cha Mawakala wa Utalii Tanzania, kipo tangu 1983. Mimi nilijiunga mwaka 2015 nikiwa na magari matano. Kusema kweli nilijiunga ili niweke nembo ya chama kwenye tovuti yangu, mgeni wa Ulaya akiiona asidhani ni matapeli. Nembo inasaidia, sikatai. Lakini maana ya chama niliielewa mwaka uliofuata.

Juni 2016 bajeti ilisomwa Dodoma, na huduma za utalii zikawekewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 kuanzia tarehe 1 Julai. Mimi nilikuwa na kundi la Wajerumani sita, wote watu wazima, wanaofika Agosti. Bei walishaikubali tangu Januari na nusu ya pesa walishatuma. Kiingilio cha Serengeti kilikuwa dola 60 kwa mgeni mmoja kwa siku. Ukiweka VAT ni 70.80. Watu sita kwa siku tatu, hiyo ni dola 194.40 zaidi, na hapo sijagusa VAT ya huduma zangu mwenyewe. Nilikuwa nimeweka salio la kadi ya kulipia kiingilio kwa hesabu ya zamani. Dereva akanipigia kutoka Naabi, geti la kuingilia Serengeti: "Mama, kadi imekataa." Wageni wako juu ya gari wanapiga picha za mijusi aina ya agama kwenye mawe, mimi niko Arusha natafuta pesa ya kuongeza.

Ningemwambia nani? Mtu mmoja mwenye magari matano hapati kiti mbele ya Wizara ya Fedha. Chama kilikwenda. Kilieleza kwamba safari huuzwa miezi mingi kabla, kwamba mgeni aliyeshalipa huwezi kumrudia na ankara mpya, na kwamba Kenya, katika bajeti ya mwezi uleule, ilikuwa inaondoa VAT kwenye viingilio vya hifadhi. Hoja ilikuwa nzito na mpaka leo naiona ya haki. VAT haikuondolewa, ipo hadi sasa. Lakini kwenye kikao cha wanachama nilijifunza kutoka kwa wazoefu jambo ambalo halikuwemo kwenye mikataba yangu: sentensi inayosema kodi au tozo za serikali zikibadilika kabla ya safari, tofauti inalipwa na mgeni. Nimeiweka tangu siku hiyo. Imeniokoa zaidi ya mara moja.

Halafu ikaja korona. Waliokuwa kwenye kazi hii wanajua. Wageni walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, na 2020 wakawa 620,867. Niliuza magari mawili ili madereva waliobaki wale. Januari 2021 Marekani ikaanza kudai kwa wanaosafiri kwenda kwao kipimo cha korona cha siku zisizozidi tatu kabla ya kupanda ndege. Hebu fikiria mgeni aliyeko katikati ya Serengeti: umtoe mbugani, umkimbize mjini akachukuliwe sampuli, usubiri majibu, na siku mbili za safari yake zimekwisha. Chama kilisukuma suala hilo pamoja na serikali mpaka kikapatikana kituo cha kuchukulia sampuli Seronera, humohumo hifadhini. Nilikuwa na wenza wawili wazee kutoka Chicago, safari yao waliyoiahirisha mwaka mzima. Walitoa sampuli asubuhi, mchana wakamwona chui juu ya mgunga. Mama yule alilia, na dereva wangu naye akanyamaza kimya kabisa kwenye usukani. Sitasahau picha aliyonitumia.

Na leseni ya TALA, ile ya kufanya biashara ya utalii. Kwa muda mrefu tulilipa dola 2,000 kwa mwaka, mkubwa na mdogo sawa. Kilio cha wadogo kilibebwa miaka mingi, hatimaye kampuni ndogo za wazawa zikashushiwa hadi dola 500. Kwangu mimi niliyebaki na magari matatu, hiyo tofauti ya dola 1,500 ni mishahara.

Nilimwambia pia asichotarajia. Chama hakikuletei wageni. Hao utawatafuta kwa jasho lako, kwa majibu ya haraka ya barua pepe na kwa madereva wenye adabu. Wala hakikukusanyii madeni; kuna wakala mmoja wa nje aliondoka na salio langu, na sijalipwa mpaka leo. Kilichonisaidia ni watu niliowajua vikaoni. Nilipouliza, wenzangu wawili wakasema amewafanyia hivyohivyo. Sasa kabla sijampokea wakala mgeni, napiga simu kwanza.

Na usipohudhuria, usilalamike. Ningependa wadogo tuonekane zaidi kwenye vikao, maana mwenye hoteli kumi hawezi kukusemea habari ya gari moja lililoharibika springi njia ya Ndutu. Hiyo utaisema wewe.

Kama leseni ya TALA bado hujapata, malizia hiyo kwanza. Ukishaipata, jiunge msimu wako wa kwanza, usisubiri yakukute kama yalivyonikuta mimi Naabi.

Binamu yangu hakuahidi kitu. Aliomba tu mkataba wangu, akapiga picha ile sentensi ya kodi, na jioni akanitumia ujumbe kwamba ameshaiingiza kwenye mkataba wa wageni wake wa kwanza, watu wanne, wanakuja Julai.