TAHADHARI: "Taulo za mianzi" za bei ya ofa mtandaoni

Wadau, kuna ukurasa unazunguka Instagram na kwenye status za WhatsApp, unauza taulo za kuogea "za mianzi asilia". Tangazo ni lile lile kila siku: seti ya tatu kwa 45,000, hazina kemikali, zinaoza ardhini zikichakaa, GSM 600, ofa mwisho leo saa sita usiku. Ofa hiyo inaisha "leo" tangu kabla ya Ramadhani. Kuwatajia jina la ukurasa hakutasaidia, wameshalibadilisha na picha wamebaki nazo. Shikeni staili yao.

Aliyeumizwa ni wifi yangu. Duka hawana, "tupo online tu mpenzi". Unalipa kwanza, tena si kwa lipa namba bali kwa namba ya kawaida, na jina linalotokea kabla hujathibitisha ni la mtu ambaye kwenye ukurasa hatajwi popote. Ukishatuma wanarudi: mzigo umekwama kwa dereva, ongeza 8,000 ya bima. Bima ya taulo! Akaongeza.

Mzigo ulifika, nisiwasingizie. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe, maana ukishapokea kitu ni vigumu kumshawishi mtu kwamba umeibiwa. Sasa mimi kazi yangu ni kufua mashuka na taulo za gesti, na kitambaa kile nilikijua kwa kukishika: polista tupu, ile mikrofaiba inayokwaruza ukiipitishia vidole vikavu. Ukijifutia, maji inayasogeza tu mgongoni. Lebo ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kimebaki kijipande kwenye pindo. Na rangi ya kijani, hiyo inayotakiwa kutukumbusha msitu, iliishia kwenye beseni.

Wifi akalalamika. Jibu: "Dada, mianzi ndivyo ilivyo, utaizoea." Alipouliza mara ya pili akapigwa block.

Tukaipeleka ile kubwa kwa mangi, akaiweka kwenye mzani wa sukari. Hapa naomba mnisikilize vizuri. GSM (si wale wadhamini wa Yanga) ni uzito wa kitambaa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Taulo ya sentimita 70 kwa 140 ina karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo ikiwa kweli ni GSM 600 lazima ikaribie gramu 590. Ya wifi ilisoma 210. Muuzaji anaweza kubishana na mkono wangu, ila mzani wa mangi hauna undugu na mtu.

Kipimo kingine ni moto. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo juu ya sinki, washa kiberiti. Pamba huwaka ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Tulipata vidonge.

Halafu kuna jambo ambalo hata wauzaji waaminifu hawalisemi. Taulo nyingi zinazoitwa za mianzi ni viskosi: mianzi inasagwa, inayeyushwa kwa magadi makali na kemikali nyingine nzito, kisha rojo lake ndilo linalovutwa kuwa uzi. Kwa hiyo "mianzi asilia isiyoguswa na kemikali" ni maneno ya kutilia shaka hata kama mzigo si feki. Marekani mwaka 2022 Walmart na Kohl's walikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 baada ya serikali kuwashtaki kwa kutangaza viskosi kama mianzi.

Kama unataka taulo ya bei nafuu isiyomwaga vinyuzi vya plastiki kila ukiifua, tafuta pamba 100%, lebo iwe imeshonewa, GSM 400 hadi 500 inatosha. Kwa unyevu wa Dar nene kuliko hapo haikauki vizuri, inaanza kunuka. Akikuambia ni pamba hai (iliyolimwa bila mbolea na dawa za viwandani), mwombe cheti cha GOTS, kile cha kimataifa cha nguo za pamba hai, chenye namba, uitafute mwenyewe kwenye tovuti yao. Lebo ya OEKO-TEX Standard 100 ni kitu kingine: inaonyesha bidhaa imepimwa sumu, haisemi pamba ililimwaje. Na akileta habari za pamba hai ya Meatu, ni kweli inalimwa kule, lakini pamba yetu nyingi huuzwa nje kabla ya kuwa uzi, hivyo muulize taulo imefumwa kiwanda gani. Wengi huishia hapo.

Lipa mzigo ukiwa mkononi, na ufungue mfuko bodaboda akiwa bado hajawasha pikipiki. Asiyekubali hilo mwache na taulo zake.

Kwa waliokwisha kutumiwa: msizifue wala kuzitupa. Piga picha pindo lililokatwa lebo, tunza risiti ya muamala na meseji zote kabla hawajazifuta, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, maana kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa ni kosa kisheria. Ile meseji ya "bima" isambaze kwenda 15040 ya TCRA pamoja na namba iliyoituma.