EC2 ya Amazon, kwa seva ya duka la Kamukunji

Mfumo wa stoo wa duka moja la sufuria pale Kamukunji, Nairobi, nauendeshea EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, kwenye kituo cha Cape Town kilichofunguliwa 2020. Kuongeza ukubwa ni kazi ndogo: unaizima mashine, unabadilisha aina, unaiwasha. Ila ukiizima, anwani ya IP ya umma (namba ambayo seva hufikiwa nayo mtandaoni) hubadilika, kwa hiyo chukua ya kudumu mapema. Tangu Februari 2024 kila anwani ya umma ya IPv4, aina ya kawaida ya IP, inalipiwa, dola 0.005 kwa saa. Diski unaiongeza mashine ikiwa kazini, lakini haipunguzwi. Anza na ndogo.

Cha kuangalia zaidi ni saa. Mashine huja na UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, basi risiti ya saa mbili asubuhi inasoma 05:00, na mwenye duka anataka kujua nani alifungua alfajiri! Andika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha uwashe upya programu yako. Kesi imekwisha.

Mlango wa 22, ule wa kuingilia seva kwa mbali (SSH), ufungulie anwani ya ofisi yako tu, tafadhali. Bei? Inahesabiwa kwa dola, na shilingi ikiyumba mteja ataniuliza mimi.